Vitesi ya Pili na Kuku Niliyemrudisha

Zaina mwanangu,

Salamu tumepeana leo mara nyingi mpaka zimechakaa, basi naziruka. Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kutobeba ndoo na tumbo hilo, nazo naziruka, maana hayo umeyasikia tangu unaota meno. Nimeketi barazani na jua bado liko juu ya paa la jirani. Ninyi mko kwenu mnafunga mizigo, na kutoka hapa namsikia mume wako akigongagonga chuma chini ya kamyoneti, hiyo gari yetu ndogo ya mizigo. Kesho asubuhi mnavuka mto kwenda kukaa Pangi, na mimi nina hasira. Nimeona heri niandike. Nikija huko utanipa kiti, utanipa chai, utaniuliza mgongo unaendeleaje, na kabla sijalifikia neno lenyewe utakuwa umeshalilainisha kama uji wa mgonjwa.

Hasira yangu ya kwanza ni ya chuma chenyewe. Kamyoneti ile imekula miaka yangu. Wanawake wa rika langu hapa Kindu wakisikia kilio njiani wanajua ni mtoto wa nani. Mimi nikisikia kilio najua ni vitesi gani, gia ya ngapi, imekataa kuingia. Sikulelewa kwa kazi hiyo. Nililelewa kuuza mchele na samaki wakavu, kama mama yangu, na nilidhani gari ni kitu cha kubebea mchele, kumbe mchele ndio kitu cha kulishia gari.

Unajua tuliipataje. Ilikuwa wakati ule maduka ya wageni yalipoanza kubadili wenyewe, na mzungu mmoja muuza vitambaa akawa anafunga lake, anauza kila kitu mpaka viti. Marehemu baba yako akanichukua tukaone. Tulifika tukakuta motere inanguruma tayari, na rangi mpya ya kijani inang'aa. Baba yako akazunguka mara moja, akapiga teke gurudumu, akasema njo hii. Mimi niliweka kiganja juu ya kifuniko cha mbele nikaona kina moto kama kikaango, nikafikiri, mzungu huyu ana adabu, ametuwashia mapema tusingoje. Mjinga mimi. Gari ya kuuzwa huwashwa mapema ili maumivu yake ya asubuhi yasionekane. Ukienda kununua gari, mwanangu, ukakuta motere imeshapata moto, sifia rangi, aga, urudi siku nyingine kabla mwenyewe hajanawa uso. Sisi tulirudi nayo nyumbani, na kesho yake vitesi ya kwanza ililia kama mbuzi anayeburutwa kwenda sokoni. Baba yako alisema itazoea. Haikuzoea mpaka alipozikwa.

Baada yake walipita mashofere ambao sitaki kuwataja, kila mmoja na uongo wake. Mmoja aliuza petroli yangu njiani kisha akasema barabara ya Kibombo inapanda sana. Mwingine aliteremka kila kilima bila vitesi yoyote, gari ikijiendea yenyewe, eti anahifadhi petroli, mpaka freni zikaisha. Halafu akaja mume wako.

Sikumtaka, na hilo halikuwa siri. Nilikuwa na macho kwa mtoto wa mwalimu wa madrasa, kijana safi, viatu vyake vinafungwa kamba. Wewe ukaniletea mtoto wa wachimba mawe wa Pangi, mwenye mikono kama mapanga na maneno machache. Basi mkaoana, na kwa kuwa hakuna shofere mwingine aliyekuwa mwaminifu, nikampa funguo. Nilimpa gari kabla sijampa moyo, na hapo ndipo tulipojifunga wenyewe.

Kwa maana kwetu unajua mambo yalivyo. Mama mkwe na mkwe hawakai bega kwa bega. Hawali chombo kimoja, hawasemezani uso kwa uso, hawatajani majina, mpaka siku mkwe atakapoleta kuku wa kuondoa haya na mama mkwe akamla. Waislamu wengine wa mjini wanasema hayo ni mambo ya msituni, lakini bibi yako alitoka huko huko msituni na aliniachia desturi hiyo pamoja na vyungu vyake. Kwa hiyo nikawa tajiri wa gari ambaye hawezi kukaa ndani ya gari yake. Yeye mbele kwenye usukani, wewe kando yake, mimi nyuma juu ya magunia, mgongo umeegemea kibanda cha shofere, mwavuli mkononi. Watu wa njiani walinionea huruma. Na kila neno juu ya hicho chuma lilipita kwako, likienda na likirudi.

Sasa fikiria ugonjwa ambao kichwa cha mgonjwa kiko kwa mganga mmoja na miguu kwa mwingine, na waganga hawasemezani. Mume wako alikuwa anashika mkono wa vitesi, anajua kinachotokea kiganjani. Mimi nilikuwa nimekalia sakafu ya nyuma, nayajua yanayotokea chini. Yeye hakujua ninayoyasikia, wala mimi sikujua anayoyashika. Tukaitibu gari hivyo tangu mvua zilipoanza mpaka zilipokwisha, na kila tulichofanya kilikuwa nusu ya ujinga.

Ujinga wa mawese ulikuwa wangu peke yangu, huo siugawi na mtu. Mafuta ya bwati ya vitesi, lile sanduku la gia, yalipokosekana mjini, fundi mmoja wa Mikelenge aliniambia mawese yanafaa, bora yachujwe vizuri. Nilikubali upesi kuliko inavyompasa mtu mzima, kwa sababu mawese ndiyo kitu pekee ambacho Maniema haijawahi kukosa. Ukiuliza vipuri, wanakwambia viko Kinshasa. Wa Kinshasa wanasema viko Ulaya. Lakini mawese yako hapo nyuma ya nyumba. Tukayamimina. Mchana gari ilikwenda vizuri ajabu, nikajiona nina akili. Asubuhi yenye ukungu, mawese yameganda, vitesi haziingii hata kwa miguu miwili. Ukawa unaniletea habari kwamba mume wako anasema asubuhi ni ngumu kidogo. Nikajibu, mwambie aamke mapema aipashe moto. Baada ya wiki kadhaa yakachacha. Tulipofungua kizibo, mtaa mzima ulinuka majani ya sombe, na jirani akauliza tumepika nini.

Nilichojifunza hapo ni kidogo lakini ni cha kweli. Gari ikiwa ngumu asubuhi na laini adhuhuri, usiende kumlaumu shofere wala meno ya bwati. Tazama mafuta kwanza. Tukaisafisha kwa mazuti, dizeli ya malori, nikapata mafuta ya kweli kwa fundi mmoja wa boti bandarini, na ugumu wa asubuhi ukapungua. Ukapungua tu. Vitesi ya kwanza iliendelea kukoroma, na kukazuka jambo jingine baya zaidi, ambalo mimi nililisikia kwa mgongo wangu kabla ya kulisikia kwa masikio.

Tulikuwa tukipanda kilima, chini yangu kitu kilipiga gu, kizito, kama mtu amegonga sakafu kwa kisigino. Mara hiyo hiyo motere ikapiga kelele ya bure na gari ikalegea. Halafu mume wako akarudisha vitesi, tukaendelea. Ilitokea tena siku nyingine, na tena. Kila mara gu kwanza, kelele baadaye. Nilikuambia umuulize chini kuna nini kinachogonga. Ukarudi na jibu kwamba ni mawe ya barabarani. Nami nikaamini, kwa sababu barabara yetu ina mawe kweli.

Siku moja gari iko mbele ya nyumba na mume wako ameenda salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kukata majani. Niliingia kibandani kutafuta mwavuli wangu, nikakuta mkono wa vitesi, ule ulio chini ya usukani, umefungwa kwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu. Nilikasirika mpaka nikasahau mwavuli. Nikasema huyu anaifunga gari yangu kamba kama mbuzi. Nikakutuma ukamuulize, ukaniambia ni kwa ajili ya mtikisiko tu, mama, usisumbuke. Sikujua kwamba anaufunga ili vitesi ya pili isimrukie mkononi kila kilima. Ule mpira ulikuwa unamziba mdomo mgonjwa, na mgonjwa aliyezibwa mdomo hufa amenyamaza.

Fundi wa Mikelenge aliifungua bwati mara mbili akitafuta meno yaliyolika. Kila alipoifunga alibakiwa na kitu mkononi kisicho na mahali pake. Mara ya pili nilimwambia bwati hii haitafunguliwa tena mpaka siku ya kiyama, na akaenda zake amenuna.

Halafu ikaja siku ya kivuko. Sipendi kuiandika, lakini wewe hutaki kuizungumza, basi mmoja wetu lazima.

Tulikuwa tunatoka Pangi na mchele na ndizi. Tumevuka vizuri, kivuko kimegusa upande wetu, mbao zimewekwa, magari yanapanda ukingo moja moja. Zamu yetu ikafika. Vitesi ya kwanza ikakataa kuingia, kama desturi yake, na nyuma yetu wanapiga honi, basi mume wako akapanda kwa vitesi ya pili. Nikasikia gu. Nikajua kabla ya kelele. Gari ikasimama katikati ya mbao, kisha ikaanza kurudi nyuma, na mimi nikiwa juu ya magunia niligeuka nikaona sakafu ya kivuko inakuja, na baada ya sakafu Lualaba. Freni zile zilitaka pedali ipigwe mara kadhaa kabla ya kushika, na hapakuwa na nafasi ya mara kadhaa. Kijana wa kivuko akatupa gogo nyuma ya gurudumu. Ndilo lililotuzuia. Wewe ulikuwa ndani na mimba yako.

Mume wako akashuka. Akanipa mgongo, kama inavyompasa mkwe, akautazama mto, na kwa mara ya kwanza tangu akuoe akasema nami.

"Mama, tangu mvua inaanza miye nilisema hii vitesi itatuua. Nilisema sitaki tena kuendesha mpaka itengenezwe. Mulijibu tu, aende polepole."

Nikakutazama. Wewe ulikuwa unatazama miguu yako.

Zaina, mimi sikuwahi kusikia maneno hayo. Niliyosikia ni kwamba iko ngumu kidogo. Na mimi nilikuwa nimekuambia, baada ya ile gu ya tatu, umwambie asimamishe safari zote mpaka tujue kinachogonga. Ukaniletea yale mawe ya barabarani, nami nikatulia nikapanda. Jioni ile nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mto kwamba ujumbe aliopewa ni mama anasema uende polepole. Kumbe yeye alinidhani mwanamke anayependa mchele kuliko mtoto wake, na mimi nilimdhani kijana asiyejali roho za watu. Kila mmoja alikuwa anapiga kelele, na wewe katikati ulizipokea kelele zote mbili ukazifunga kwenye kitambaa laini. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio chetu kilibakisha kipande cha gogo tu kitufikie.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Nimelifuta. Nakulaumu, na bado nakulaumu ninapoandika, na ukiniuliza kesho usoni nitasema ndiyo. Lakini lawama hiyo ina ndugu yake, na nitamfikia.

Unakumbuka siku iliyofuata tulipofunua motere. Mimi nilikuwa nimekaa usiku ule nikipanga vitu kwa utaratibu wake: gu kwanza, kelele baadaye. Kama meno ya vitesi ndiyo yanayoachia, kelele ingekuja kwanza. Kumbe kuna kitu kinajitupa, na kikijitupa ndipo kinaivuta vitesi itoke. Kilikuwa kitu gani sikujua, lakini nilijua kinatakiwa kutazamwa gari ikiwa imesimama na inavuta. Mtu mmoja akanyage freni, atie vitesi ya pili, aachie ambreyaji, ile pedali ya klachi, kidogo tu. Mwingine atazame ndani. Yeye akakaa ndani. Mimi nikaingiza kichwa chini ya kifuniko. Na wewe, kwa ajili ya heshima, ukasimama mlangoni katikati yetu.

Nikasema, mwambie aachie kidogo. Ukasema, mama anaomba uachie kidogo, ukiweza. Ulipofika kwenye ukiweza ambreyaji ilishaanza kunuka. Nikasema, mwambie basi, akanyage. Ukasema, mama anashukuru, sasa pumzika. Motere ikazimika. Mara ya pili vivyo hivyo. Watoto wa jirani wamejaa ukutani wanacheka, jasho linanitoka, na mimi natamani kuwatia wote bwatini. Mara ya tatu sikungoja. Nilisema na motere, si na yeye, haya yangu niliihifadhi kiasi hicho:

"Achia!"

Akaachia. Na motere, ile motere nzito ambayo wanaume wanne hawaibebi, ikanyanyuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria ya wali, ikapiga gu, ikarudi. Ndani yeye akasema imeruka. Mimi nikasema na hapa imeinuka. Maneno mawili, Zaina. Mvua nzima ya kutumana, mawese, utepe wa tyubu, fundi wa Mikelenge, na dawa ilikuwa maneno mawili yaliyosemwa kwa wakati mmoja na watu wawili walio pande mbili za kioo.

Motere na bwati vimekalia vipande vya mpira vinavyoitwa supoti. Kipande kimoja kilikuwa kimelowa mafuta mpaka kikaoza na kukatika kabisa. Kila gari ilipovuta kwa nguvu, motere iliinuka, na mkono wa vitesi umeunganishwa na bwati kwa vyuma virefu. Vyuma vikavutwa, vitesi ikatoka. Hata kukoroma kwa vitesi ya kwanza kulitoka hapo kwa nusu, kwa sababu motere ikihama, waya wa ambreyaji unalegea. Bwati ilikuwa nzima tangu mwanzo. Tuliifungua mara mbili kwa dhambi za jirani yake.

Mshonaji wa viatu pale sokoni ametukatia kipande kwenye tairi la lori, kinene, tumekikaza, na tangu wakati huo vitesi ya pili haijaruka. Utepe nimeutupa mwenyewe. Lakini mpira wa tairi si mpira wa kiwandani, utalegea. Mkifika ng'ambo, mkimaliza vilima vya kwanza, msimame, mkaze bolti tena. Ukisikia gu, hata ndogo, hata ukiwa unasinzia, usiseme iko kidogo. Sema gu. Na kwenye mbao za kivuko ni vitesi ya kwanza au mnangoja. Wakipiga honi, wapige mpaka wachoke. Wewe unashuka unapanda ukingo kwa miguu, wewe na huyo aliye tumboni, nami sitaki kusikia kwamba ulikuwa umechoka.

Ule mwendo wake wa kuchechemea upande wa kushoto, ule usiogope. Huo najua ulikotoka. Watu wa chama walikuja kuiazima kubeba wacheza ngoma wa kumpokea mgeni wao, na nani angekataa? Waliwapanga humo kama ndizi, wakaniita sitwayene, eti mwananchi mwenzao, wakairudisha jioni imeinama, bapa moja la springi limekatika. Lililowekwa badala yake ni la gari kubwa, gumu mno, ndiyo maana kwenye shimo upande ule unaruka kama mtu aliyekalia siafu. Hicho ni kilema, si ugonjwa. Kilema unakizoea, unapanga magunia mazito juu yake, unaendelea na safari. Mimi nilipoteza miezi nikikitibu kilema huku ugonjwa uko kando yake umenyamaza. Ilinitokea hivyo na gari, na ilinitokea hivyo na mume wako pia. Mikono yake, maneno yake machache, viatu vyake visivyo na kamba, hayo niliyapigia kelele kama vile ndiyo yatakayokuua.

Sasa ndugu wa ile lawama.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu mume wako alileta kuku wa haya. Jogoo mwekundu, mzito, amefungwa miguu kwa majani ya mgomba kwa ustadi. Angemlaza mlangoni, ningemchinja, na siku hiyo hiyo angekuwa mwanangu, tungekaa kibanda kimoja, tungesemezana. Nilimrudisha. Nikakuambia, na maneno yangu nayakumbuka, mwambie mimi sili kuku wa wachimba mawe. Ulisimama pale na yule jogoo kwapani, machozi yamejaa, ukaenda. Wiki iliyopita, mmeshaanza kufunga mizigo, nilikuuliza ulimwambia nini siku ile. Ulinijibu huku umegeukia sufuria zako. Ulimwambia: "Mama anasema hashibi kukuheshimu, anaomba muda kidogo wa kukuonea haya."

Nimelitafuna jibu hilo wiki nzima. Ulimi ule ule uliokaribia kututia mtoni ndio uliomzuia mume wako asiondoke siku ile, asirudi kwao na wewe au bila wewe, asinichukie mpaka leo. Kama ungelifikisha neno langu kama lilivyo, leo usingekuwa na mume, na mimi nisingekuwa na shofere wala mjukuu njiani. Kwa hiyo hata sijui nikushauri nini, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko chuma chote. Ningependa kukuambia usilainishe maneno ya watu, lakini mimi mwenyewe naishi kwa neno ulilolainisha. Labda ninachoweza kusema ni hiki tu: chuki ya mtu ukiilainisha, huenda ukampa muda wa kuitubia. Hofu ya mtu usiilainishe kamwe. Mtu anayesema naogopa, mpeleke na hofu yake nzima mpaka mlangoni. Lakini mimi si mwalimu, na wewe utakosea kwa njia zako mwenyewe, huko Pangi, ambako sitakuwa juu ya magunia kusikia.

Nao ndio uchungu wangu wa kweli, ukitaka kuujua. Si gari. Gari nimewapa, na nilikupa funguo nikajifanya nimechoka nayo. Uchungu ni kwamba nimejua kusikiliza siku chache kabla hujaondoka. Ningekuwa nimemla yule jogoo, ningekaa na ninyi mbele safari zote zile, ningemsikia akisema naogopa kwa sauti yake, ningezijua hadithi anazokuchekesha nazo njiani, maana nilisikia kicheko chenu kupitia bati na sikujua mnacheka nini. Heshima nilidai ndiyo inayonikalisha nyuma. Kilichonikalisha nyuma kilikuwa kisirani.

Sasa kugongagonga kumekoma huko kwenu, nadhani amemaliza kukaza bolti. Nitamtuma mtoto wa jirani akuletee barua hii kabla hamjala. Ina ujumbe mmoja wa kufikisha, na ni wa mwisho ninaokutuma, kwa hiyo naomba uubebe bila kuufunga kitambaa, neno kwa neno, bila ukipenda na bila ukiweza.

Mwambie Kitoga alete kuku kesho asubuhi, kabla ya kuwasha motere. Mwambie ni mimi niliyelitaja jina lake. Mwambie nitapanda mbele naye mpaka kivukoni, wewe katikati yetu kwa ajili ya tumbo lako na si kwa ajili ya maneno yetu, na mkishapanda kivuko nitarudi nyumbani kwa miguu.

Na kama sokoni hakuna kuku, alete yai. Nitalila.

Mama yako